Samaki mwenye matone ya bluu kwenye mawe ya lava, Goma, mita 9. Nani anamujua?

ChiniYaMaji (Goma)

Jambo bandugu. Niko mutu wa Goma, kazi yangu ni kuzama. Sizamaki kwa kujifurahisha, ni kazi: motere ikianguka kutoka kwa pirogi wananiita, kamba ikijifunga kwenye elisi ya boti wananiita, tiyo ya maji ikipasuka chini wananiita. Nilijifunzaka Mombasa, nikarudi na mitungi mbili ya hewa, maske, na kamera moya ndogo ya kufunga kwenye kichwa, njo ninatumia kumuonesha mwenye motere kama kweli nimeiona mbele ya kuongea bei ya kuitosha.

Jumamosi ilikuwa motere ya farasi 15, ilianguka pale upande lava ya 2002 iliingia ndani ya ziwa Kivu. Kwa wenye hawakukuwa hapa, tarehe 17 ya mwezi wa kwanza volkano yetu Nyiragongo ilipasuka, lava ikakata muji katikati ikashuka mpaka ndani ya maji. Kule juu watu wamejenga tena, lakini chini ya maji iko vile vile, mawe meusi makubwa, moya juu ya ingine, na kati yao mashimo mashimo, ingine mukono unaingia mpaka kwenye kiwiko. Nilikuwa mutoto wa miaka nane ile siku, tulikimbia Gisenyi na mama, na nyumba yetu lava iliikula. Kila mara nazama pale naweka mukono kwenye lile jiwe mbele nianze kazi.

Sasa niko mita 9, nimeshika jiwe, nangoja vumbi ishuke juu nilikuwa nimeikoroga na palmi za miguu, na iliposhuka nikaona ndani ya shimo kitu kinawaka na kuzima. Ni samaki. Mwembamba, urefu kama kiganja changu chote mpaka ncha ya kidole, jicho kubwa, mudomo unaangalia juu. Ubavuni ana matone ya bluu, madogo, yamepangwa mistari kutoka nyuma ya kichwa mpaka mukia. Akigeuka kidogo tu bluu inapotea yote, anabaki rangi ya bati, akirudi inawaka tena tap. Nyuma yake kulikuwa wengine kama sita, wadogo, hawana bluu ya nguvu.

Nilisahau motere. Nilipiga foto 41 mpaka hewa ikaanza kunipigia hesabu nikapanda. Kati ya 41, tatu njo zinaonekana, naziweka hapa chini. Miaka yote naingia hili ziwa sikuonaka samaki wa hivi, ao labda nilimupita bila kuangalia. Mwenye anamujua aniambie jina yake.

[foto] [foto] [foto]

MwanaIdjwi

Iyo ni sambaza kubwa tu kaka. Kwenye maji kila kitu kinaonekanaka kikubwa.

ChiniYaMaji (Goma)

Hapana ndugu yangu. Ni kweli kwenye maske kitu kinaongezeka karibu na theluthi, ile naijua na nimeipunguza tayari. Lakini angalia foto ya pili. Sambaza pezi yake ya mugongo iko katikati ya mugongo. Huyu pezi iko nyuma kabisa, karibu na mukia, na chini yake iko ingine ndefu. Na sambaza hakaaki kwenye shimo la jiwe, sambaza ni samaki wa katikati ya ziwa, anatembea na kundi yake kwenye maji wazi.

MamaKituku

Mwanangu huyo namujua. Nauzisha sambaza kwenye soko la Kituku hapa Goma tangu bado sijaolewa. Beseni ikifika asubuhi kutoka kwa wavuvi, unatosha mukono ndani unakuta wawili watatu wa huyo ndani ya sambaza. Zamani hakukuwa. Mama yangu mwenye alinifundisha hii kazi hakumujua. Akikauka ile bluu inapotea yote, anakuwa tu kama sambaza iliyopita kiasi, wateja hawajui tofauti. Sikujua kama akiwa muzima anawaka hivyo. Nimeangalia hiyo foto mara mingi.

Gisenyi_Port

Huku ng'ambo wavuvi wanamwita Rwanda Rushya, maana yake Rwanda mpya. Nadhani kwa sababu alitokea tu, wazee hawakuwa na jina lake.

Ujiji_Dagaa (Kigoma)

Mkuu nimefungua uzi nikadhani foto imepigwa hapa kwetu! Huyu ni wa Tanganyika. Nenda kwenye miamba yoyote huku, ukitumbukiza tu kichwa unawaona makundi, hawako chini sana, wanaelea karibu na mwamba wametazama juu. Dume ndiye mwenye matone ya bluu, jike ni mdogo na amepauka, kwa hiyo wale sita uliowaona nyuma yake ni majike au dume wachanga. Jina la kitaalamu ni Lamprichthys tanganicanus, hata jina lenyewe linasema ni wa Tanganyika, alipewa 1898 na Boulenger wa London. Wanaofuga samaki kwenye matangi ya vioo huko Ulaya wanampenda sana.

Swali langu ni moja tu, huko Kivu amefikaje?

ChiniYaMaji (Goma)

Asante sana mukubwa, jina nimeshaliandika kwenye daftari yangu. Hilo swali lako nami nimelala nalo.

Biolojia_BKV (Bukavu)

Nimesoma biolojia hapa Bukavu na hili jambo niko nalipenda sana basi muniache niandike kirefu.

Kwanza samaki ni huyo, Kigoma amesema kweli. Ndani ya Kivu alianza kujulikana 2006. Mbele ya hapo hakuna mutu aliyemuandika, na hii haiko ziwa ambalo halikuchunguzwa, watu wamelipima tangu wakati wa Wabelgiji.

Pili, mufahamu Kivu ni ziwa la ajabu. Samaki ni aina chache tu, hazifiki 30, wakati Tanganyika iko na aina zaidi ya 200 za familia moya tu, ile ya akina kuhe na ndugu zake. Sababu? Zamani sana Kivu ilikuwa inamwaga maji kaskazini, upande wa ziwa Edward na Nile. Halafu volkano zetu hizi za Virunga zikaota katikati zikafunga njia, maji yakapanda mpaka yakapata mulango kusini, hapa Bukavu, njo Ruzizi ikazaliwa. Kwa hiyo samaki wa asili wa Kivu, wale wadogo wa mawe wenye rangi rangi, haplokromi, ndugu zao wako Edward na Victoria, hawako Tanganyika. Mwaka 2003 kuna watafiti walitoa andiko kwenye jarida la Science wakisema mababu wa wale mamia ya haplokromi wa Victoria walitokea upande wa Kivu. Mukimuona haplokromi kwenye jiwe hapo Goma mumuangalie kwa heshima.

Tatu, Ruzizi. Ina kilomita 117 hivi kutoka Kivu mpaka Tanganyika, na katika hizo inashuka karibu mita 690, juu Kivu iko mita 1,460 na Tanganyika iko 773. Sehemu kubwa ya muteremko iko kwenye makorongo hapa karibu na Bukavu, maji yanalia mchana na usiku, halafu juu yake kuna mabwawa ya umeme. Samaki wa sentimita 15 hawezi kupanda ile. Hata mwenye nguvu kuliko yeye hajapanda, njo maana mpaka leo huwezi kumuona mukeke, ule samaki mukubwa wa Tanganyika, ndani ya Kivu.

Basi aliletwa na mukono wa mutu. Na mukono wa mutu unajulikana kwenye hili ziwa. Sambaza yenyewe, ile tunasema ni ya kwetu, ile tunakula na fufu, haikuwa ya hapa. Ililetwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, juu katikati ya Kivu hakukuwa samaki wa kula vidudu vinavyoelea, maji wazi yalikuwa matupu. Walibeba vitoto vya samaki, wakavimwaga, na baada ya miaka ikawa chakula ya mamilioni ya watu.

MwanaIdjwi

Eeh!! Sambaza si ya kwetu? Baba yangu alivua sambaza maisha yake yote na ile mitumbwi tatu, wanaimba usiku mpaka unawasikia kutoka nyumbani, hakuniambiaka hiyo neno.

Ujiji_Dagaa (Kigoma)

Ni kweli ndugu wa Idjwi, huku tunaye, ni mmoja wa dagaa wetu, tunamwita lumbu. Na siyo Kivu tu, walipelekwa mpaka ziwa Kariba 1967 na 1968, huko kusini wanaitwa kapenta.

Kiongozi_wa_Nyavu

Mimi sikubali hiyo ya mukono wa mutu. Ndege je? Ndege anakula samaki Uvira kule Tanganyika, mayai yanashika kwenye miguu, anaruka mpaka Bukavu.

Biolojia_BKV (Bukavu)

Swali nzuri papa. Lakini huyu samaki hatagi kwenye majani ao kwenye matope pale ndege anakanyaga. Jike anaingiza yai moya moya ndani ya nyufa za mawe, dume yuko pembeni anamusukuma. Yai limefichwa ndani ya jiwe. Ndege ashike ngapi, na afike nazo zikiwa na maji, na zianguke pamoja dume na jike? Mimi naona ndoo ya mutu ni njia fupi zaidi. Nani, na kwa nini, hiyo sitaweka jina la mutu hapa.

Kiongozi_wa_Nyavu

Sawa, nimekuelewa.

ChiniYaMaji (Goma)

Ngoja ngoja. Umesema nyufa za mawe? Biolojia soma vizuri nilichoandika juu. Pale nilimuona ni LAVA YA 2002. Mbele ya 2002 pale chini kulikuwa muchanga na matope, mwenye kuvua pale zamani anaweza kushuhudia. Lava njo ilileta nyufa. Halafu 2006 samaki anajulikana. Sisemi lava ilimuleta, nasema alipofika alikuta nyumba imejengwa. Ile lava ilibomoa nyumba yetu ikaenda kujengea samaki.

Biolojia_BKV (Bukavu)

Kaka umenisimamisha nywele. Sijawahi kuifikiria hivyo. Kivu iko na mawe sehemu zingine pia, kwa hiyo angeishi hata bila lava, lakini pale Goma unachosema kinaingia akilini kabisa. Rudi uangalie kama kuna mayai.

Nahodha_Shelly (Mombasa)

Ndugu yangu wa Goma, hongera kwa picha, lakini mimi nafundisha kuzama huku Mombasa na kuna kitu kinanikera kwenye hadithi yako. Wa Bukavu amesema Kivu iko juu mita 1,460. Je, ile kompyuta yako ya kuzamia ya mkononi umeiweka kwa mwinuko? Jedwali ulilofundishwa huku ni la usawa wa bahari. Hewa ya Goma ina uzito kama asilimia 84 hivi ya hewa ya pwani. Ukizama mita 18 huko, mwili wako unahesabu kama umezama 21 baharini. Na huko hakuna chumba cha kutibia mtu akipata mapovu kwenye damu. Usizame kwa hesabu za Mombasa. Na usizame asubuhi halafu uende kupanda Nyiragongo, kilele chake ni mita 3,470, utajiua.

Na kitu kingine, umeandika hewa ilianza kukupigia hesabu ndipo ukapanda. Ulikuwa na mwenzako?

ChiniYaMaji (Goma)

Mwalimu shikamoo. Kompyuta niliinunua imeshatumika, muuzaji aliniambia inajipanga yenyewe. Niliangalia jana baada ya kusoma andiko yako, ilikuwa imewekwa usawa wa bahari. Miaka mitatu nimezama hivyo. Nimebadilisha. Mwenzangu alikuwa kwenye pirogi na kamba imefungwa kwenye mukono wangu, tunavutana: moya ni salama, tatu nitoshe. Lakini chini nilikuwa peke yangu, sitakudanganya.

Nahodha_Shelly (Mombasa)

Marahaba. Kamba ni nzuri, kamba usiache. Sasa nikusaidie picha. Shida yako siyo kamera, ni lile jiwe jeusi. Kamera inaona nyeusi imejaa, inadhani giza, inaongeza mwanga, na samaki anayeng'aa anaungua anakuwa mweupe. Punguza mwanga kwenye kamera hatua moja au mbili, jiwe liache liwe giza tupu. Flashi ya mbele usitumie, maji yenu yana chembe, zitawaka zote kama mvua. Shika tochi mbali na kamera, mkono wa kushoto umenyooka, umulike kutoka pembeni na juu kidogo. Hiyo bluu siyo rangi ya kupaka, ni mwanga unarudishwa na magamba, kwa hiyo tafuta pembe, usimfukuze samaki. Kaa. Pumua polepole. Atarudi kwenye shimo lake.

Sake_Bweremana

Neno moya kwa wazamaji. Usidanganyike kuja kutafuta huyo samaki kwenye gofu ya Kabuno, ile ghuba ya ziwa huku kwetu. Ziwa kubwa oksijeni inashuka mpaka mita 60 hivi ndipo samaki wanaisha, chini ya hapo ni gesi tupu mpaka mita 480 na kitu. Lakini Kabuno hewa inaisha kwenye mita 10 ao 11, chini yake maji yamejaa ile gesi ya mazuku. Mazuku tunaijua, kwenye mabonde mbuzi analala jioni asubuhi amekufa bila kidonda. Mita 9 Goma ni kitu ingine, mita 9 Kabuno uko juu ya kaburi.

ChiniYaMaji (Goma)

Asante sana wa Sake. Mutungi wangu unabeba hewa yangu lakini ile maji siitaki hata kwenye ngozi.

Bei_ya_Sambaza

Mimi nauliza kama muvuvi. Huyu mugeni anakula chakula ya sambaza ao hapana? Juu kama ni ndiyo basi tumumalize.

Biolojia_BKV (Bukavu)

Wote wawili wanakula vidudu vidogo vinavyoelea, kwa hiyo ndiyo, wanakutana kwenye sahani moya. Huyu anakula pia wadudu wanaoanguka juu ya maji na anapenda kandokando. Kumumaliza huwezi, ziwa liko na kilomita mraba karibu 2,700 na mutu hawezi kuchokonoa kila ufa. Kile tunaweza ni kumuvua na kumula, na kumuandika: wapi anaonekana, kwa kina gani, kwa wingi gani. Na tuache kabisa kubeba samaki na ndoo kutoka ziwa moya kwenda ingine. Mimi kinachoniuma zaidi ni wale haplokromi, wako hapa peke yao duniani, wanalala kwenye mawe yale yale, na hakuna mutu anawapiga foto juu hawawaki bluu.

ChiniYaMaji (Goma)

Nimerudi. Leo asubuhi saa mbili, ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Kompyuta imepangwa, kamba kwenye mukono, na safari hii mwenzangu wa pili alizama nami, nilimuazima mutungi.

Nililala kifudifudi kwenye muchanga mbele ya lile shimo. Dakika tano hakuna kitu. Haplokromi mumoja mudogo, rangi ya majani makavu na utepe mweusi kwenye jicho, akaja kuangalia kidole changu, akakigusa na mudomo, akaenda. Biolojia, huyo nimemupiga foto, njo ya kwanza hapa chini.

Halafu dume akaja. Niliweka tochi pembeni kama mwalimu alisema na jiwe likapotea kabisa, likawa usiku, na samaki peke yake njo anaonekana, kila tone na mwisho wake, na kando ya mapezi kuna rangi ya manjano ambayo siku ya kwanza sikuiona kabisa. Jike alikuwa pale. Alijibana kwenye ufa na ubavu wake, dume akajibana juu yake, wakatetemeka pamoja muda wa kupumua mara moya, wakatoka. Wakarudi. Nilihesabu mara kumi na moya kwenye ufa ule ule.

Walipoenda nilimulika ndani. Yako mayai, bandugu. Kama vichwa vya pini vya kioo, yameshika kwenye lava, ingine iko na macho mawili meusi ndani. Sikugusa.

Foto 22, nzuri 14.

[foto] [foto] [foto] [foto]

Nahodha_Shelly (Mombasa)

Hiyo ya tatu ichapishe ukutani.

Ujiji_Dagaa (Kigoma)

Nimezaliwa naye ziwa moja, sijawahi kumwona akitaga. Nimeionesha familia yote hapa.

Biolojia_BKV (Bukavu)

Yenye macho maana yake yana siku kadhaa pale. Andika tarehe, kina, na joto la maji kwa kila foto, tafadhali, usiiache hivi hivi. Na haplokromi wako nimemuona, asante kaka. Mupige tena ubavu wote na mapezi yakiwa wazi, juu kuwatofautisha ni kazi ngumu, kuna aina kama kumi na tano na zinafanana.

ChiniYaMaji (Goma)

Mita 9.4, digrii 23. Nitarudi juma hili kwa ajili yake yeye.

MamaKituku

Mwanangu niko hapa Kituku, beseni imefika sasa hivi. Nimetosha kumi na saba kwa beseni moya. Nimewapanga kwenye kisahani, angalia foto. Kubwa wa kwanza bado yuko na bluu kidogo upande wa mukia. Ni yeye?

[foto]

ChiniYaMaji (Goma)

Ni yeye Mama. Mbele ya kuuzisha weka rula ya mutoto wa shule pembeni ya kila mumoja, upige foto ingine.

MamaKituku

Rula nimeazima kwa jirani. Ngoja.